Mizigo, Posho na Boma: Maafisa wa Jeshi katika Njia za Usukuma na Uzinza

Katika majeshi ya karne ya 18, kazi kubwa ya afisa ilikuwa kupanga safari na kujenga. Mapigano yalichukua siku chache za mwaka. Siku zilizobaki alihesabu unga, mahema, mbao na mawe. Mwaka 1724 Jenerali George Wade alitumwa katika milima ya Uskoti, nchi ambayo serikali ya London ilishindwa kuitawala kwa sababu haikuwa na njia za kupitisha jeshi. Hadi mwaka 1740 kulikuwa kumejengwa barabara za maili 250 hivi, sawa na kilomita 400, pamoja na madaraja yapatayo 40. Waliochimba walikuwa askari wake mwenyewe, na kwa kazi hiyo walipewa malipo ya ziada juu ya mshahara wa kijeshi. Jambo hilo la malipo lafaa kukumbukwa, kwa kuwa halikufuatwa katika nchi inayozungumzwa hapa.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa na maafisa wajenzi katika zama hizo hizo. Waomani waliowatoa Wareno katika Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698 walijenga ngome yao Unguja mjini, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ngome hiyo, Ngome Kongwe, ingali imesimama mbele ya Forodhani. Lakini bara, kati ya mbuga za Shinyanga na mwambao wa Ziwa Victoria unaoitwa leo Geita, karne ya 18 ilipita bila afisa wa namna hiyo. Watu walisafiri na kujenga kwa utaratibu mwingine. Mtemi alikuwa na makao yake, ikulu, yaliyozungukwa na uzio wa miti au ukuta wa udongo. Vijiji vingi vilizungushiwa minyaa iliyopandwa kwa safu nene mpaka ng'ombe na adui wasiweze kupenya. Kazi za kulima, kuezeka na kujenga zilifanywa na vijana wa kijiji kwa pamoja, chini ya kiongozi wao aliyeitwa nsumba ntale, na malipo yao yalikuwa nyama, pombe na haki ya kusaidiwa siku yao ikifika. Agizo la mtemi lilipita kwa wanangwa wa vijiji mpaka likawafikia vijana hao.

Maafisa wa jeshi walipoanza kuingia katika nchi hii, kuanzia mwaka 1858, walikuta utaratibu huo umekwisha kukomaa, na juu yake umejengwa mwingine mkubwa zaidi, wa misafara. Historia ya safari zao na majengo yao ni historia ya namna walivyoutegemea utaratibu huo, na jinsi baadaye walivyougeuza kuwa wa lazima. Amri ilitoka kwa afisa. Njia, chakula, mabega na udongo vilikuwa vya wenyeji.

Msafara wa Wanyamwezi na Wasukuma ulikuwa na vyeo na sheria zake. Mbele alitangulia kirangozi, mwenye bendera na mavazi ya kuonekana kutoka mbali, ambaye hakuna mpagazi aliyeruhusiwa kumpita njiani. Wanyapara walisimamia makundi ya wapagazi, wakagawa mizigo na kusuluhisha ugomvi. Mzigo wa kawaida ulikuwa ratili 60 hadi 70, yaani kilo 27 hadi 32, na juu yake mpagazi aliongeza mkeka wake, kibuyu, chungu na silaha. Pembe kubwa za ndovu walipewa wenye nguvu kuliko wote, na kuzibeba ilikuwa fahari. Mwendo ulianza kabla ya mapambazuko na kwa kawaida ulikoma kabla ya jua kuwa kali. Mchana ulikuwa wa kutafuta maji, kuni na chakula. Misafara mingi ilisafiri kiangazi, kwa maana masika yalikuwa majira ya jembe, na mpagazi alikuwa pia mkulima. Afisa aliyetaka kuondoka mvua zinapoanza alijikuta akiomba watu waache mashamba yao, na mara nyingi hakuwapata.

Kwa nini mabega ya watu, na si punda au magari ya ng'ombe, katika nchi ya wafugaji? Magharibi na kusini mwa Ziwa, kuanzia Kahama kuelekea Geita na Biharamulo, nchi ilikuwa na misitu ya miombo yenye mbung'o, na mnyama wa mizigo aliyeipita alikufa kwa nagana. Mashariki, katika nyika za Shinyanga, mbung'o walikuwa wachache palipokuwa na makazi na mifugo, lakini udongo mweusi wa mbuga ulijaa maji wakati wa mvua, gurudumu likazama na kwato zikakwama. Binadamu peke yake ndiye aliyeweza kupita kote.

Chakula ndicho kilichoamua kila kitu. Posho ya mpagazi ilipimwa kwa kibaba, kama robo tatu ya kilo ya nafaka kwa siku. Msafara wa watu 300 ulikula basi kilo 225 hivi kila siku. Kwa siku kumi ni kilo 2,250, sawa na mizigo 75 ya kilo 30. Msafara uliotaka kubeba chakula chake cha siku kumi ungetumia robo ya wapagazi kubeba unga tu, na hao nao wangekula. Hakuna afisa aliyeweza kushinda hesabu hiyo. Chakula kilipaswa kununuliwa njiani, kijiji kwa kijiji, kwa nguo za merikani na kaniki, shanga na waya, na kila nchi ilikuwa na shanga na nguo ilizozipenda mwaka huo. Aliyekuja na rangi isiyotakiwa alilala na njaa akiwa na mali. Pamoja na ununuzi kulikuwa na hongo, malipo kwa mtemi ya haki ya kupita, kuchota maji na kupata ulinzi. Wageni wengi wa Ulaya waliandika juu ya hongo kama unyang'anyi. Mtemi aliyelinda kisima, soko na njia katika nchi yake alikuwa na haki ya kutoza, kama mlinzi wa daraja au lango la mji popote pengine duniani.

John Hanning Speke, afisa wa jeshi la Bengal, na Richard Burton, kapteni wa jeshi la Bombay, waliingia katika mfumo huo wakiwa na ruhusa ya jeshi na walinzi Wabaluchi waliotolewa na Sayyid Majid wa Zanzibar. Julai 1858 Burton alibaki Kaze, karibu na Tabora ya leo, na Speke akaenda kaskazini na kikosi kidogo. Mkalimani wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuchukuliwa mtumwa mpaka India na baadaye kuwa askari. Waliondoka tarehe 9 Julai, wakapita nchi ya Msalala na maeneo ambayo leo ni sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, na tarehe 3 Agosti Speke akaliona Ziwa kutoka mlima ulio Mwanza. Tarehe 25 Agosti alikuwa amerudi Kaze. Wepesi wa safari hiyo ulitokana na udogo wake: watu wachache, mizigo michache, kiangazi, na njia iliyokwisha kukanyagwa na wafanyabiashara.

Safari ya pili ilikuwa rasmi zaidi, na kwa sababu hiyo hiyo ilikuwa nzito. Serikali ya Uingereza ilitoa pauni 2,500. Speke aliongozana na Kapteni James Augustus Grant, pia wa jeshi la India, na askari kumi wa Rasi ya Tumaini Jema, ambao wengi wao waliugua wakarudishwa. Walifika Kaze Januari 1861 wakaikuta Unyanyembe katika vita kati ya watemi Mnywa Sere na Mkasiwa. Wapagazi waliogopa njia. Walipoondoka mwezi Machi, msafara ulisogea kwa vipande: mizigo iliachwa nyuma, Speke alirudi Kaze kutafuta watu, Grant alibaki Msalala akisubiri. Uzinza, katika eneo linaloungana na Geita ya leo, Speke alizuiliwa na watemi wawili, Makaka, kisha Lumeresi, kila mmoja akitaka hongo yake. Lumeresi alitaka hasa kitambaa cha thamani cha hariri kilichoitwa deole. Speke akaugua kifua humo humo, na wiki zikapita. Septemba 1861 watu wa mtemi Myonga walimvamia Grant alipokuwa akisogea kumfuata mwenzake. Wapagazi wakatupa mizigo na kukimbia, na sehemu ya mali ikarudishwa baadaye kwa maongezi. Karagwe walifika tarehe 25 Novemba, miezi minane tangu kuondoka Kaze, kwa umbali ambao msafara wa biashara wenye urafiki na watemi ungeweza kuumaliza kwa wiki chache.

Vitabu vingi vimesimulia miezi hiyo kama hadithi ya uvumilivu wa Waingereza wawili. Ukisoma kwa jicho la mpanga safari, ni hadithi ya makosa ya kazi. Walileta mizigo mingi kuliko wapagazi waliopatikana, wakaingia katika nchi yenye vita bila mdhamini anayeaminika na pande zote, na mali yao ya kubadilishana haikulingana na mahitaji ya waliokuwa mbele. Makaka na Lumeresi walijua thamani ya mlango waliosimamia.

Ujerumani ilipoingia, nia ilikuwa kukaa. Katika vita vya Abushiri vya mwaka 1888 na 1889 pwani, Hermann Wissmann aliongoza jeshi la askari wa Kisudani walioandikishwa Misri, watu kutoka Msumbiji na Waswahili. Tarehe 26 Aprili 1890 Emin Pasha aliondoka Bagamoyo kwa amri ya serikali ya Ujerumani, pamoja na Luteni Wilhelm Langheld na Franz Stuhlmann. Kufika Tabora kuliwachukua miezi mitatu. Huko bendera ya Ujerumani ilipandishwa Agosti 1890, kisha msafara ukaelekea Ziwa. Karibu na Mwanza kulikuwa na misheni ya Mapadri Weupe ya Bukumbi, iliyoanzishwa mwaka 1883, na kwa msafara uliochoka misheni ilikuwa bustani, dawa na barua. Novemba 1890 Emin alianzisha kituo cha Bukoba upande wa pili wa Ziwa.

Nyuma ya msafara huo alikuwako mtu ambaye hakuwa afisa. Charles Stokes, mzaliwa wa Ireland, alikuwa amekuja na misheni ya Waanglikana akaiacha na kuwa mfanyabiashara wa pembe na mwenye misafara. Alikaa Usongo, kati ya Tabora na Shinyanga, kwa mtemi Mtinginya, na alioa katika ukoo huo. Mwaka 1890 Wajerumani walimwajiri. Alikuwa na kitu ambacho hakuna luteni aliyekuwa nacho: mamia ya wapagazi waliomjua kwa miaka, na mtemi aliyehakikisha kuwa watarudi kwao salama. Stokes alinyongwa Kongo Januari 1895 kwa amri ya Kapteni Hubert Lothaire wa Dola Huru ya Kongo, na tukio hilo likaleta mgogoro kati ya Uingereza, Ujerumani na Mfalme Leopold. Kwa watu wa Usongo lilikuwa pia pigo la biashara, kwani njia moja ya ajira ya vijana ilikatika.

Sheria ya tarehe 22 Machi 1891 iliunda rasmi jeshi la koloni, Schutztruppe. Vyeo vya askari vilibeba maneno ya jeshi la Misri: ombasha, shaushi, bashaushi, sol, efendi. Afisa wa Kijerumani katika kituo cha bara alikuwa hakimu, mtoza kodi, mjenzi, mkuu wa posta na mkuu wa misafara kwa pamoja. Barua kwenda Dar es Salaam na majibu yake zilichukua wiki nyingi, kwa hiyo aliamua mwenyewe. Agosti 1891 askari wa afisa wa Kijerumani Zelewski waliangamizwa na Wahehe huko Lugalo, na tangu hapo maafisa walijihadhari kupitisha safu ndefu ya mizigo bila watangulizi na walinzi wa ubavuni. Safari ya serikali ikawa polepole na yenye silaha zaidi.

Maandalizi ya safari kama hiyo yalianza na orodha: risasi na baruti, hema la afisa na kitanda cha kukunja, dawa, fedha za rupia, nguo za kubadilishana, vyombo vya kuchorea ramani, chumvi, mchele wa Wazungu. Kila sanduku lilipimwa lisizidi uzito wa mpagazi mmoja. Mizinga midogo na mashua za chuma zilivunjwavunjwa vipande ili zibebeke. Askari walisafiri na wake zao na watoto, na wake hao ndio waliopika, wakatwanga na kubeba vyombo vya nyumba. Majeshi mengine ya Ulaya yaliwahesabu wanawake kama mzigo. Huku bila wao askari asingekula. Kisha barua au mjumbe alitangulia kwa mtemi wa nchi inayofuata, kutaka wapagazi kadhaa na vibaba kadhaa vya mtama siku fulani mahali fulani. Hapo ndipo utaratibu wa zamani ulipopewa kazi mpya. Wanangwa na viongozi wa vijana, waliozoea kukusanya watu kwa shamba la mtemi, sasa waliwakusanya kwa msafara wa bwana mkubwa. Yapo maeneo yaliyolipwa, na yapo yaliyonyang'anywa. Miaka hiyo ilikuwa mibaya pia: sotoka iliyopita miaka ya 1890 na 1891 iliua ng'ombe wengi wa Usukuma, ndui ilifuata njia za misafara, na funza aliyeletwa kutoka Kongo alilemaza miguu ya watu ambao kazi yao ilikuwa kutembea. Kijiji kilichopoteza mifugo yake kilidaiwa mtama ule ule.

Upinzani mkubwa katika njia ya kusini ulikuwa wa Isike wa Unyanyembe, aliyeshika mlango wa barabara ya kwenda Ziwa. Makao yake yalikuwa ngome ya kuta nene za udongo, kazi ya mafundi wa nchi, na mashambulizi ya Wajerumani ya mwaka 1892 yalishindwa kuivunja. Januari 1893 Luteni Tom von Prince aliivamia na kuiteka. Isike aliwasha baruti ili afe pamoja na ngome yake, lakini alipatikana akiwa angali hai na Wajerumani wakamnyonga. Maafisa waliotumwa kujenga boma walikuwa wamejifunza kwa damu kwamba ukuta wa udongo wa Kinyamwezi haukuwa kitu cha kudharau.

Boma la bara lilifuata umbo moja karibu kila mahali. Mraba au mstatili wa kuta nene, minara au vyumba vilivyotokeza kwenye pembe ili risasi ziweze kulinda kuta mbili kwa mara moja, matundu ya kufyatulia, lango moja pana, na ndani uwanja. Kuzunguka uwanja huo: ofisi, ghala la chakula na la baruti, chumba cha wafungwa, nyumba ya afisa, chumba cha dawa. Nje ya kuta kilikuwa kijiji cha askari na familia zao, kisha soko. Mahali palichaguliwa kwa maji ya mwaka mzima, mwinuko wa kuona mbali, na ukaribu wa vijiji vyenye nafaka. Sharti la mwisho ndilo lililokuwa na nguvu kuliko yote, na ndilo lililofanya vituo vingi vijengwe karibu na ikulu za watemi au katika masoko yaliyokuwapo, kwa sababu boma lililojengwa porini lingekufa njaa.

Ujenzi ulianza na kambi ya miti na nyasi, kwani mvua hazikungoja. Nyasi ziliungua kwa urahisi, na moto katika ghala la baruti ungemaliza kituo. Hivyo paa za udongo bapa kama za matembe ya Unyanyembe zilipendelewa mwanzoni, na baadaye, njia zilipokuwa bora, mabati yakaja juu ya vichwa. Kuta zilikuwa za tofali mbichi za udongo zilizokaushwa juani, baadaye za kuchoma palipokuwa na kuni. Mwanza, palipojaa majabali, jiwe lilikuwa karibu. Katika nyika za Shinyanga miti mirefu ya kupaulia ilikuwa michache, na ilibidi itoke katika miombo ya magharibi. Mchwa walikuwa adui wa kila mwaka: mlango, boriti na sanduku la nyaraka viliweza kuliwa ndani ya msimu mmoja, na afisa mwenye busara aliinua vitu vyote juu ya mawe. Kazi ya ustadi, ya seremala, mwashi na fundi wa chokaa, ilifanywa mara nyingi na watu wa pwani na Wahindi waliokuja na misafara. Waliokanda udongo, wakachota maji na kubeba miti walikuwa watu wa jirani, pamoja na wafungwa na wake wa askari. Michoro ya boma ilibaki katika makabati ya Berlin. Majina ya waliokanda udongo hayakuandikwa popote.

Tabora ilikuwa makao makuu ya njia hii. Shinyanga ilikuwa kituo kidogo chini yake, mahali pa kulala, kupumzisha wapagazi na kukusanya kodi ya Usukuma wa kusini. Mwanza ilitazama Ziwa. Upande wa Uzinza na Geita ulifikiwa kwa mitumbwi kuvuka Ghuba ya Mwanza, au kwa miguu kuzunguka ncha yake ya kusini, na kwa hiyo ulibaki ukingoni mwa serikali ya kijeshi: kikosi kilipita, kikatoza, kikaondoka. Gustav Adolf von Götzen, luteni aliyepita Ushirombo mwaka 1894 akielekea Rwanda na aliyekuja kuwa gavana mwaka 1901, alikuwa mmoja wa waliotumia njia ya kusini mwa Uzinza kama daraja la kwenda mbali zaidi.

Amri ya kodi ya nyumba ya mwaka 1897, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, ilibadilisha uhusiano wote. Rupia tatu kwa kila kibanda cha shamba zilidaiwa mahali ambapo rupia zilikuwa haba. Asiyekuwa nazo alilipa kwa mazao au kwa kufanya kazi ya serikali, na kazi hiyo ilikuwa hasa boma, barabara na mizigo. Afisa hakuhitaji tena kumbembeleza nsumba ntale. Fedha kutoka Berlin zilikuwa kidogo, na kazi ya kodi ilijaza pengo. Watemi na majumbe walipewa vipande vya barabara: kila mmoja afyeke sehemu yake, ajaze mashimo, aweke daraja la magogo juu ya mto mdogo, ajenge banda la kulala safari za serikali. Hapa tofauti na Uskoti ya Wade ni wazi. Barabara za Uskoti zilichimbwa na askari waliolipwa zaidi kwa jasho lao. Barabara za Usukuma zilichimbwa na raia ambao malipo yao yalikuwa kuachiwa kodi ambayo hawakuwahi kuwa na deni lake kwa serikali hiyo. Kazi ya pamoja ya vijana, iliyokuwa na nyama na pombe na zamu ya kurudishiana, iliondolewa haki yake ya kurudishiwa. Hayo ndiyo mabadiliko mazito kuliko yote ya zama hizo, mazito kuliko bendera.

Reli ya Uganda ilipofika Kisumu Desemba 1901, ramani ya safari ya serikali ilipinduka. Afisa aliyetumwa Mwanza sasa alisafiri kwa meli hadi Mombasa, kwa treni hadi Kisumu, na kwa meli za Waingereza kuvuka Ziwa. Mabati, saruji na mashine zilizokuwa ndoto kwa mabega ziliwasili. Njia ya Shinyanga iliendelea kutumiwa kusafirisha kodi, askari na ng'ombe, lakini heshima yake ikapungua, na ajira ya wapagazi wa masafa marefu ikashuka pamoja nayo. Wasukuma na Wanyamwezi wengi walielekea mashamba ya pwani na ujenzi wa Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kazi ya watu waliokuwa wasafirishaji wa Afrika Mashariki ikawa nguvu ya kuuzwa kwa mwezi. Watafiti wa madini wa Kijerumani, walioona dhahabu katika mawe ya Geita mwishoni mwa karne ya 19, walitumia njia zile zile za kodi kufika huko. Waliandika, wakachora, lakini mgodi mkubwa haukuanza katika zama zao. Mawe hayo hayakuweza kubebwa kwa mabega hadi pwani na kuleta faida.

Mwaka 1914 jeshi zima la Ujerumani katika koloni lilikuwa na Wazungu 218 na askari 2,542 katika kampuni 14. Kampuni ya 14 ilikaa Mwanza na ya 7 Bukoba. Vita vilipofika Usukuma, katikati ya mwaka 1916, mambo yote ya zamani yalirudi kwa ukali. Waingereza wa Brigedia Charles Crewe waliiteka Mwanza tarehe 14 Julai. Wabelgiji, chini ya Jenerali Charles Tombeur, walikuwa wakishuka kutoka Rwanda na Burundi. Kikosi cha Kanali Molitor kilipita Biharamulo na kuingia nchi ya miombo kuelekea misheni ya St. Michael na Tabora. Majeshi yote mawili yalitaka Tabora na Reli ya Kati, na kila moja lilitaka kufika kwanza.

Kilichoamua mbio hizo kilikuwa posho. Crewe alikuwa na Ziwa nyuma yake na meli za kumletea mali hadi Mwanza, lakini kati ya Mwanza na Shinyanga mizigo ilitegemea wapagazi na magari machache yaliyozama katika mbuga. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walichukua nafaka na watu. Mwisho wa Agosti Waingereza walikuwa Shinyanga, na huko walikwama wakisubiri chakula. Wabelgiji walitumia maelfu ya wapagazi waliokodiwa Uganda, ambao wengi wao walikufa kwa kuhara, baridi na chakula wasichokizoea, na kwa gharama hiyo walitangulia. Tabora ilitekwa na Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916. Barabara iliyofyekwa kwa kazi ya kodi sasa ilipita majeshi matatu katika miezi mitatu, na vijiji vilivyoijenga ndivyo vilivyonyang'anywa mtama na vijana na kila moja.

Baada ya vita utawala wa Waingereza ulirithi vituo, mabanda ya safari na desturi ya kuwapa watemi vipande vya barabara. Afisa wa wilaya aliyevaa nguo za kiraia alisafiri kwa miezi akilala katika mabanda yale yale, na orodha yake ya mizigo ilifanana na ya luteni aliyemtangulia. Kilichokomesha mfumo huo kilikuwa chuma. Tawi la reli kutoka Tabora lilifika Mwanza mwaka 1928. Lilipita kando ya kituo cha zamani, na mji mpya wa Shinyanga ukakua kwenye stesheni. Mahali pa awali pakaitwa Old Shinyanga, jina ambalo kata hiyo inalo mpaka leo, na pakawa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton. Upande wa Geita mgodi wa chini ya ardhi ulianza uzalishaji katika miaka ya 1930, ukafungwa mwaka 1966. Mgodi mpya wa wazi ulianza mwaka 2000. Mashine za mgodi wa kwanza zilivushwa kwa maji kutoka Mwanza, kupitia ghuba ile ile ambayo maafisa wa mwaka 1890 walikodi mitumbwi kuivuka.